Bunduki ya babu kwenye picha ya Tabora ni Mauser ipi?

Swali: Msomaji wetu wa Tabora anaandika: "Tunayo picha ya babu wa baba yetu akiwa askari wa Mjerumani. Nyuma imeandikwa 1908 kwa penseli. Ameshika bunduki ndefu, na baba zetu wadogo wanashikilia kwamba ni Mauser 98, ileile waliyopigania wanajeshi wa Hitler. Tumebakiwa pia na ganda moja la risasi alilorudi nalo vitani. Je, ni kweli ni Mauser 98? Kwa nini wazee walikuwa wakisema bunduki zao ziliwachongea kwa moshi? Na polisi wa Kijerumani nao walibeba silaha gani?"

Jibu: Ndugu msomaji, baba zako wadogo wamepatia jina, ila bunduki siyo hiyo. Aliyoshika babu yenu ni Mauser kweli, lakini ni ya mwaka 1871, na mwaka 1908 ilikuwa imeshazeeka kuliko askari wengi waliokuwa wakiibeba.

Iangalie picha yenu tena, safari hii kwa kioo cha kukuzia. Anza pale mkono wake wa kulia ulipoikamata mbao, nyuma kidogo ya kifyatulio. Mbao hapo imenyooka. Mauser 98 ina uvimbe mahali hapo, umechongwa ili kiganja kipate pa kukamata. Kisha fuata mtutu kwa juu. Kwenye picha yenu chuma kiko wazi tangu kwenye komeo hadi mdomoni, ilhali 98 ina kipande cha mbao kilichofunika mtutu kwa juu, kulinda mkono wa kushoto usiungue. Mwisho tazama alama ya kulengea ya nyuma. Ile 98 ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na alama kubwa iliyojikunja kama nundu, mtu anaiona hata kwenye picha mbovu. Ya babu yenu ni bapa ndogo iliyolala. Kuna bunduki ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi mbili, ile ya 1888, lakini hiyo ina kisanduku cha risasi kilichotokeza chini mbele ya kifyatulio, na mtutu wake umevikwa bomba jembamba la chuma. Kwenye picha yenu hakuna kisanduku wala bomba.

Mauser 71 ilibuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wana wa mfua bunduki wa Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar katika Württemberg. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imeungana kuwa dola moja, na bunduki hii ikawa ya kwanza kugawiwa jeshi la dola hiyo changa. Inafungwa kwa komeo, na namna ya kuifunga haitofautiani na komeo la mlango: unainua mkono wa chuma, unavuta nyuma, unatia risasi moja kwa vidole, unasukuma mbele, unalaza mkono. Ukiinua ule mkono, sindano ya kupigia fataki, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, inajitega yenyewe. Nyuma ya komeo pana kibawa kidogo cha chuma. Ukikigeuza, bunduki haifyatuki. Kibawa hicho Mauser alikiendeleza kwenye bunduki zake kwa miongo mingi iliyofuata.

Lakini ilikuwa bunduki ya risasi moja moja. Haikuwa na magazini, yaani kisanduku cha akiba ya risasi. Wala haikuwa na kitu cha kulirusha ganda nje! Ukucha ulilivuta ganda kutoka kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, basi, kazi yake ikaishia hapo. Askari alilazimika kuibinua bunduki ubavu ganda lidondoke lenyewe, ndipo atie risasi nyingine. Katika kiwanja cha shabaha hilo ni jambo dogo. Porini, adui akiwa hatua ishirini, ni jambo la kufa na kupona.

Wahehe walilithibitisha hilo Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, alikuwa akiongoza msafara mrefu uliokwenda mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba, na askari wake walikuwa na hizi 71. Wapiganaji wa Mkwawa walitoka majanini wakiwa karibu mno, na askari wengi waliwahi kupiga risasi moja au mbili tu kabla mikuki haijawafikia. Zelewski aliuawa, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Watu hueleza ushindi wa Lugalo kwa ujasiri wa Wahehe na uzembe wa Zelewski. Yote mawili ni kweli. Mimi naongeza la tatu: silaha inayotaka kubinuliwa ndipo ijazwe upya haifai kwa vita vya ghafla, na anayejua kuvizia anaweza kuishinda kwa mkuki.

Sasa moshi. Risasi ya 71 ilikuwa na kichwa cha madini ya risasi tupu, kipenyo cha milimita 11, uzito wa gramu 25 hivi, kikisukumwa na baruti nyeusi. Baruti nyeusi haiungui yote ikawa hewa. Sehemu yake kubwa hubaki kuwa chembe ngumu. Nyingine hugandia ndani ya mtutu kama masizi, nyingine hutoka na kutanda mbele ya mpigaji kuwa wingu jeupe. Siku isiyo na upepo wingu hilo linaelea palepale. Askari anakuwa amejionyesha alipo, na yeye mwenyewe haoni anachokipiga mpaka moshi upungue.

Mwaka 1886 Ufaransa ilianza kutumia bunduki ya Lebel yenye baruti isiyotoa moshi, kazi ya mkemia Paul Vieille. Ndani ya miaka michache kila bunduki ya baruti nyeusi barani Ulaya ikawa kitu cha ghala. Ujerumani ilikuwa na bahati mbaya ya pekee, kwa sababu ilikuwa ndiyo kwanza imewagawia wanajeshi wake 71 iliyoboreshwa, yenye bomba la kuwekea risasi nane chini ya mtutu. Ikabidi itengeneze nyingine haraka, ile ya 1888, na hatimaye 98. Zile 71 zikabaki kwa wingi ghalani, nzima na za bei rahisi.

Ndizo zilizokuja kwetu. Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani, alipopewa kazi ya kuvunja upinzani wa Abushiri pwani mwaka 1889, aliajiri Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji, akawapa hizo 71. Abushiri akanyongwa Pangani mwaka huohuo, jeshi hilo likageuka kuwa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni, mwaka 1891, na miaka ikapita, Mkwawa akafa, vita vya Maji Maji vikaja na kupita, bunduki ikabaki ileile. Askari wengi walipewa aina fupi kidogo iliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi vya wapiga shabaha. Urefu wake bado unakaribia mita moja na robo, ndiyo maana kwenye picha inamfikia babu yenu karibu na kifua.

Kwa nini haikubadilishwa? Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi hilo kuanzia 1914, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi wakubwa walivyofikiri kabla yake. Walisema askari Mwafrika anapigana na watu wasio na bunduki za kisasa, hivyo moshi haumdhuru, na kichwa kikubwa cha milimita 11 kinamwangusha mtu vizuri zaidi. Tuiite hoja hiyo kwa jina lake. Ilikuwa hoja ya bajeti iliyovikwa dharau. Jeshi la Kaisari kule Ulaya lilikuwa na 98 mikononi kwa miaka mingi, na babu yenu, aliyeapishwa chini ya bendera ileile, alipewa kilichotolewa stoo. Na waliopigwa na zile risasi za milimita 11 walikuwa watu wa hapa hapa, tangu pwani hadi Uhehe na Ungoni. Ukiitazama ile picha, mambo hayo mawili yamo pamoja.

Dharau hiyo iliwagharimu Wajerumani wenyewe Novemba 1914 pale Tanga. Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, na Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000. Kombania zake nyingi zilikuwa bado na 71, na kila zilipopiga, moshi ulionyesha mstari wao ulipo, huku adui akijibu kwa bunduki zisizo na moshi. Huenda hapo ndipo wazee wenu walipopata neno lao la kuchongewa. Tanga ilishikiliwa kwa nidhamu, kwa kuyajua mazingira na kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha, zilizokuwa zimepangwa vizuri, wala si kwa ubora wa bunduki ya askari wa kawaida. Waingereza walipokimbilia merikebuni waliacha nyuma, kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Tangu siku hiyo ghala kubwa la askari wa Mjerumani likawa mfuko wa adui yake.

Mzigo wa kutoka Ujerumani ulifika pia, kwa taabu. Aprili 1915 meli ya Rubens ilijipenyeza ikipeperusha bendera ya Denmark hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Hyacinth na kuzama katika maji mafupi. Bunduki na risasi zilizokuwa ndani ziliopolewa, kisha risasi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Nyingi hazikulipuka sawasawa baada ya hapo. Hata hivyo ndivyo askari wengi walivyoishika Mauser 98 kwa mara ya kwanza. Kama babu yenu alipigana hadi 1915 au 1916, inawezekana kabisa aliibeba 98. Kwa hiyo huenda baba zako wadogo wameipokea habari ya kweli, wakaibandika kwenye picha ambayo ilipigwa miaka saba mapema.

Niseme kidogo kuhusu hiyo 98, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo bunduki ya komeo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote za zama zake. Paul Mauser alitumia karibu miaka 30 akisahihisha kazi yake mwenyewe. Risasi tano zinalala kwa kupishana kulia na kushoto ndani ya mbao, kwa hiyo hakuna kisanduku kinachotokeza na kugonga miti. Zinaingizwa zote kwa mkupuo mmoja wa kidole gumba kutoka kwenye kibanio cha bati. Ukucha mrefu wa chuma, umelala ubavuni mwa komeo, unaidaka risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Hata ukiipindua bunduki miguu juu, risasi haidondoki wala mbili haziingii pamoja. Komeo linafungwa kwa meno mawili mbele, karibu kabisa na mlipuko, na jino la tatu limewekwa nyuma kama akiba, kazi yake ni kuzuia komeo lisimrukie mpigaji usoni endapo yale mawili yatakatika. Kuna matundu ya kutolea hewa moto pembeni iwapo ganda litapasuka. Huyu alikuwa mtu aliyeufikiria uso wa mpigaji. Yeye mwenyewe alipoteza jicho mwaka 1901 akijaribu bunduki nyingine ya kujijaza, lakini jino la tatu lilikuwa limeshabuniwa.

Haikuwa bila kasoro. Ile alama ya kulengea yenye nundu ilianzia mita 400, kana kwamba hakuna vita chini ya hapo. Askari aliyelenga adui wa mita 100 ilibidi alenge chini ya pale alipotaka kupiga, la sivyo risasi ingeweza kupita juu. Katika vichaka vyetu, ambako watu huonana kwa hatua thelathini, hilo ni tatizo la kila siku. Tena ni ndefu, mita 1.25 bila singe. Kichwa cha risasi yake kilichochongoka, kilichoanza kutumika katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kilikuwa na gramu 10 tu, lakini kilitoka kwa kasi ya zaidi ya mita 850 kwa sekunde, mara mbili ya kile cha 71.

Ile ya Hitler ni mtoto wa 98, inaitwa Karabiner 98k, na ilianza rasmi mwaka 1935. Ni fupi kwa sentimita 14 hivi, mkono wa komeo umekunjwa chini, na alama yake ya kulengea inaanzia mita 100. Haiwezi kuwa kwenye picha ya 1908.

Turudi vitani, maana ganda lenu linahusika na sehemu hii. Oktoba 1917 kule Mahiwa, upande wa Lindi, Lettow-Vorbeck alishinda pambano kubwa lakini akachoma akiba kubwa ya risasi zake zisizo na moshi. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, akakuta bunduki na risasi za kulivika upya jeshi lake. Jeshi la Ureno lilikuwa likitumia Mauser-Vergueiro ya 1904, milimita 6.5, iliyotengenezwa Berlin. Kwa hiyo askari aliyeitupa Mauser ya baruti nyeusi Ngomano huenda aliinua Mauser nyingine palepale. Waliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Kati ya bombomu 37 walizokabidhi, saba tu ndizo zilizokuwa za Kijerumani. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa na silaha za watu wengine.

Kuhusu polisi nitakujibu kwa ufupi zaidi. Katika koloni, askari polisi walikuwa watu wapatao 2,000 vita vilipoanza, na walibeba 71 kama wenzao wa jeshi. Wengi waliingizwa jeshini baadaye. Bastola zilikuwa za Wazungu. Mwanzoni zilikuwa rivolva nzito za 1879 na 1883, na maafisa wengi walijinunulia Mauser C96, ile yenye magazini mbele ya kifyatulio na ala ya mbao inayogeuka kuwa kitako.

Kule Ujerumani kwenyewe bastola ya Georg Luger, iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1908, ndiyo iliyokaa kwenye viuno vya polisi kwa miaka mingi baada ya vita. Komeo lake ni kiungo kinachokunjika kwenda juu kama goti, kazi safi ya ufundi lakini ghali na isiyopenda mchanga. Polisi waligundua hatari yake wanapoisafisha. Ukiondoa kibati cha ubavuni huku risasi imebaki kwenye chemba, kidole kinaweza kubonyeza kijiti cha nje na bastola ikafyatuka ingawa kifyatulio hakimo. Katika miaka ya 1930 polisi waliongeza kizuizi cha ziada juu ya kijiti hicho, na leo ukikiona kwenye Luger unajua ilipitia mikononi mwa polisi.

Jibu bora zaidi lilitoka kwa kiwanda cha Walther cha Zella-Mehlis mwaka 1929, bastola ya PP, iliyobuniwa kwa ajili ya polisi tangu mwanzo. Askari wa mtaani hahitaji kupiga mita 200. Anahitaji bastola nyepesi, isiyonasa kwenye nguo, anayoweza kutembea nayo imejazwa bila kuogopa. Kwenye PP risasi ikiwa ndani, nyundo inaweza kushushwa kwa usalama kwa kibonyezo cha pembeni, na mvuto mmoja mrefu wa kifyatulio unaitega na kuipiga kwa pamoja. Juu ya nyundo kuna kijiti kidogo kinachochomoza kukuambia, hata gizani kwa kupapasa, kwamba chemba ina risasi. Polisi wa Ujerumani Magharibi waliendelea kuitumia hadi miaka ya 1970.

Sasa ganda lenu. Kwanza ligeuze uone kitako chake. Fataki iliyo katikati iwe na kovu la sindano, na mdomo wa ganda uwe wazi na mtupu. Kama mdomo bado umezibwa na kichwa, au fataki ni laini haina kovu, hiyo ni risasi hai hata kama ina miaka mia. Msilisugue, msilipashe moto, msilibebe kwenye daladala. Wapigieni polisi waje kulichukua. Hata bunduki nzima ikipatikana darini kwa bahati, ni hivyohivyo, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Likiwa tupu, chukua rula. Ganda la 71 lina urefu wa milimita 60, mdomo mpana wa milimita 11, na ukingo unaotokeza pale kitakoni. La 98 lina milimita 57, mdomo wa takriban milimita 8, na kitako hakina ukingo uliotokeza, ila mfereji uliochongwa kuzunguka. Gumu kidogo ni la Mwingereza, kwa sababu lina milimita 56 na mdomo karibu sawa na wa 98; litambue kwa ukingo wake uliotokeza, na mara nyingi utakuta VII imepigwa muhuri kitakoni. La Mreno lina milimita 58, halina ukingo, na mdomo wake ni mwembamba kuliko yote, milimita 6.5.

Likiwa la Mreno, yaelekea babu yenu alivuka Ruvuma. Nitumie vipimo na picha ya kitako iliyopigwa karibu, kwenye mwanga wa pembeni ili herufi zionekane, nami nitakuambia ninachokisoma.